Tiba ya nano imejaribiwa kwenye miili yetu, mbona haifiki wodini?

Ukifika zahanati yoyote Tanzania ukiwa na homa, kabla hujaandikiwa dawa utachomwa kidole. Mhudumu anafuta tone la kwanza kwa pamba, anachukua la pili, analiweka kwenye kijishimo cha kile kipande cheupe cha plastiki, anadondoshea maji yake, kisha anakuambia usubiri nje. Dakika 15 au 20 baadaye majibu yapo: mstari mmoja huna malaria, miwili unayo. Ule wekundu wa mstari ni dhahabu. Ni dhahabu hii hii ya pete na hereni, ila imetengenezwa katika chembe zenye upana wa nanomita 40 hivi, na kwa udogo huo dhahabu huacha unjano wake ikawa nyekundu. Chembe hizo zimebandikwa kingamwili zinazoishika protini ya kimelea cha malaria. Damu ikiwa na protini hiyo, chembe zinanaswa kwenye mstari, zinarundikana, jicho linaziona. Damu isipokuwa nayo, zinapita zake. (Wachimbaji wa Geita wasihangaike kufukua majalala ya zahanati, dhahabu iliyomo humo hailipi hata nauli ya kwenda.)

Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa mtu una upana wa nanomita kama 80,000, na kirusi cha UKIMWI kina 100 na ushee. Tiba ya nano ni kutengeneza dawa, chanjo na vipimo katika kiwango hicho cha udogo, ambacho ndicho virusi na seli zetu hufanyia shughuli zao. Na si jambo la kesho. Chanjo ya homa ya ini aina B, ambayo watoto wetu wanaipata ndani ya sindano ya pentavalenti, ni viduara vya protini vya nanomita 22, vyenye sura ya kirusi lakini ndani havina kirusi. Toleo hilo lilipata kibali Marekani mwaka 1986. Chanjo mbili za malaria, RTS,S na R21, zimejengwa kwa mtindo huo huo. R21 inachanganywa pia na kichocheo kiitwacho Matrix-M, chembe za nano zilizotengenezwa kwa utomvu wa magome ya mti unaoota Chile. Jaribio lake kubwa lilifanyika Burkina Faso, Mali, Kilifi na Bagamoyo, kwa watoto 4,800 hivi.

Kwa hiyo ule mjadala wa kwenye makongamano ya hotelini, kwamba je, Afrika iko tayari kwa teknolojia ya nano, umechelewa. Tumo ndani yake siku nyingi, na mara kadhaa ni sisi tuliotoa damu, wagonjwa na watoto ili ithibitike kuwa inafanya kazi. Ninachouliza mimi ni kingine. Ikishathibitishwa kwa miili yetu, kwa nini inachukua muda wote huu kuifikia wodi ya hospitali ya wilaya?

Tuitazame dawa moja kwa karibu, amfoterisini B. Ilipatikana miaka ya 1950 kutoka kwa bakteria wa udongo wa bonde la mto Orinoco, Venezuela, na hadi leo ni miongoni mwa silaha kali kuliko zote dhidi ya fangasi wanaoingia ndani ya mwili. Inatoboa utando wa seli za fangasi kwa kushika aina ya mafuta iliyomo kwenye utando huo. Tatizo ni kwamba mafuta hayo ni ndugu wa kolesteroli yetu, hivyo dawa inatoboa na tando za seli zetu, na kinachoumia zaidi ni figo.

Muuguzi yeyote aliyewahi kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI wenye homa ya uti wa mgongo ya fangasi aina ya kriptokoka anajua maana yake wodini. Kabla ya dawa kuanza unamwekea mgonjwa dripu ya maji ya chumvi yenye potasiamu ili kuzilinda figo. Halafu amfoterisini yenyewe inaingia polepole kwa saa kadhaa, mgonjwa akitetemeka kwa baridi na homa ikimpanda. Kesho yake unarudia. Mshipa unavimba, unatafuta mwingine. Damu inatolewa kwenda maabara kuangalia figo na potasiamu, na maabara ikiwa haina kemikali siku hiyo, daktari anaendelea kwa kukisia au anasimamisha dawa. Katikati ya yote hayo mgonjwa anachomwa mgongoni kupunguza presha ya kichwani. Dozi hiyo zamani ilikwenda wiki mbili. Jaribio lililofanyika Tanzania, Malawi, Zambia na Cameroon, matokeo yake yakatoka mwaka 2018, ndilo lililoonyesha kuwa wiki moja inatosha ikiambatana na dawa iitwayo flusitosini. Wiki moja ilikuwa nafuu kubwa, lakini ni wiki moja ya dripu kila siku katika wodi ambayo muuguzi wa usiku yuko peke yake.

Nano iliingia hapa kwa njia ya mafuta. Katika miaka ya 1960, mtafiti Mwingereza Alec Bangham aliona kwamba mafuta ya aina inayopatikana kwenye kiini cha yai, yakiwekwa kwenye maji, hujikunja yenyewe yakawa vifuko duara vilivyofungika. Vikaitwa liposomu. Baadaye wakaja wengine wakaifungia amfoterisini humo, ndani ya vifuko visivyofikia nanomita 100. Ni kama mama anayemfichia mtoto kidonge kichungu ndani ya ndizi mbivu, isipokuwa hapa anayefichwa si mtoto, ni figo. Dawa inazunguka kwenye damu imetulia ndani ya ganda lake hadi ikutane na fangasi. Ulaya iliipokea mwaka 1990, Marekani mwaka 1997, na hospitali za huko zimeitumia tangu wakati huo bila kuuliza mara mbili.

Kwa sababu ganda linaikinga figo, unaweza kutoa dozi kubwa kwa mkupuo. Hilo ndilo lililojaribiwa Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini katika utafiti ulioitwa AMBITION. Wagonjwa zaidi ya 800 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata dripu ya wiki nzima, jingine likapata dripu moja tu ya amfoterisini ya liposomu, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, pamoja na vidonge vya flusitosini na flukonazoli kwa wiki mbili. Matokeo yalichapishwa Machi 2022. Baada ya wiki kumi, waliofariki katika kundi la dripu moja walikuwa asilimia 24.8, na katika kundi la wiki nzima asilimia 28.7, huku madhara makali yakiwa machache zaidi kwa waliopata dripu moja. Mwezi uliofuata Shirika la Afya Duniani likaifanya kuwa matibabu ya kwanza yanayopendekezwa.

Mtu mmoja kati ya wanne bado anafariki, na hilo halifai kufichwa nyuma ya shangwe. Wengi wanafika hospitali wakiwa wamechelewa. Ugonjwa huu unaua watu wapatao 112,000 kwa mwaka duniani, wengi wao kusini mwa Sahara, wakati kipimo cha kuugundua mapema kipo na kinatumia mstari ule ule wa chembe za dhahabu. Lakini fikiria alichopunguziwa muuguzi yule wa usiku. Dripu saba zimekuwa moja.

Najua pingamizi linalokuja, maana nimelisikia kwa madaktari ninaowaheshimu: hospitali inayokosa glavu na paracetamol inakwenda wapi na nano? Ni hoja nzito kwa kuisikia, ila imegeuza mambo juu chini. Hospitali kubwa ya London inaweza kuhimili dawa ya zamani kama italazimika. Ina maabara inayofanya kazi saa 24, ina mashine za kusafisha figo, ina muuguzi kwa kila wagonjwa wachache. Hospitali isiyo na vitu hivyo ndiyo isiyoweza kumudu dawa inayohitaji vitu hivyo. Dawa rahisi kwa bei ya kichupa inakuwa ghali ukihesabu chumvi, potasiamu, vipimo vya kila siku, kitanda cha wiki nzima na ndugu wa mgonjwa anayelala sakafuni akimsubiri, kazi yake imesimama. Tukikaa kuamini kwamba teknolojia ya juu ni ya nchi zilizoendelea, tutaendelea kubeba kazi ngumu kwa mikono ya wauguzi wachache.

Sasa bei. Mwaka 2018 kampuni ya Gilead ilitangaza kwamba itauza kichupa kimoja cha amfoterisini ya liposomu cha miligramu 50 kwa dola 16.25 kwa nchi 116 za kipato cha chini na cha kati. Mgonjwa wa kilo 60 anahitaji vichupa 12, yaani dola 195, karibu nusu milioni ya shilingi za Tanzania kwa dripu moja. Si bei ya kuruka. Na bado, kwa miaka iliyofuata, Madaktari Wasio na Mipaka walilalamika hadharani kwamba bei hiyo ilikuwa ya kwenye karatasi, kwa kuwa katika nchi nyingi dawa yenyewe haikusajiliwa wala haikupatikana. Toleo la kwanza la kunakiliwa lilipata kibali Marekani Desemba 2021, miaka 24 baada ya lile la asili kuingia nchini humo. Kunakili kidonge ni jambo jepesi. Kunakili kifuko cha mafuta cha nano ni kazi nyingine, maana ukubwa wa ganda ukibadilika kidogo dawa inakwenda mwilini kwa njia tofauti. Kiwanda cha aina hiyo hakifunguliwi kwa sababu ya oda ya vichupa mia tatu iliyotumwa na wizara moja wakati fedha za mfadhili zilipokuwepo.

Tuliona mwaka 2021 mambo yanavyokuwa. Wimbi la pili la korona lilipoipiga India, likazuka nalo gonjwa la fangasi weusi kwa wagonjwa wa kisukari waliopewa steroidi, na tiba yake ilikuwa amfoterisini hii hii. Ndani ya wiki chache dawa iliadimika, ndugu wa wagonjwa wakawa wanaitafuta mitandaoni kwa kuomba. Na India ndiyo yenye viwanda. Sisi tungekuwa wapi kwenye foleni ile?

Dawa hii ina kazi nyingine inayotuhusu hata zaidi. Kala-azar inaenezwa na inzi wa mchanga, inavimbisha wengu, inamaliza damu, na isipotibiwa inaua. Kwa Kenya iko Baringo, Pokot Magharibi, Turkana, Marsabit na Wajir. Kwa Uganda iko Karamoja. Ikivuka huko ni Sudan, Sudan Kusini, Ethiopia na Somalia. Kimelea chake kina ujanja wa kujificha ndani ya seli zile zile za kinga zinazozoa takataka mwilini, kwenye wengu, ini na uboho. Liposomu nazo zikiingia kwenye damu zinaonekana kama takataka, zinamezwa na seli hizo hizo, na dawa inajikuta imepelekwa mlangoni kwa adui bila kuelekezwa. India dripu moja iliponya zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10, na Oktoba 2023 Bangladesh ikawa nchi ya kwanza duniani kuthibitishwa kuwa imeitokomeza kala-azar kama tatizo la afya ya jamii.

Ila jaribio la dripu moja lilipoletwa Sudan na Ethiopia, matokeo yalikuwa mabaya kiasi kwamba lilisimamishwa. Huku kwetu ugonjwa unaitikia dawa kwa namna yake, na dozi iliyokata mzizi Bihar, India, haikutosha Gondar, Ethiopia. Kwa hiyo mtoto wa Baringo, kwa miaka mingi, amekuwa akitibiwa kwa sindano mbili kila siku kwa siku 17, mojawapo ikiwa dawa ya madini ya antimoni inayoweza kuudhuru moyo, na liposomu zikatunzwa kwa wajawazito, wazee, wenye VVU na waliozidiwa. Wanaofikiri tiba ya nano itaagizwa kama simu ya mkononi, ikifika inawashwa tu, walitazame hilo. Bila majaribio ya hapa hapa, tutapewa dozi ya watu wengine.

Kwenye kifua kikuu ndipo ninapokasirika zaidi. Bakteria wake pia hujificha ndani ya seli zinazozoa takataka, safari hii kwenye mapafu, kwa hiyo mantiki ya kufungia dawa kwenye chembe ndogo ni ile ile. Profesa Hulda Swai, Mtanzania, aliongoza kazi hiyo kwa miaka katika taasisi ya utafiti ya CSIR huko Pretoria kabla ya kuja Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Lengo lilikuwa dawa za TB zifungwe kwenye chembe zinazoyeyuka taratibu, ili mgonjwa aache kumeza vidonge kila siku kwa miezi sita. Bidhaa haijafika sokoni. Mwaka 2018 Marekani ikakubali dawa ya amikasini iliyofungwa kwenye liposomu, inayovutwa kwa mashine hadi mapafuni. Kwa ajili ya TB? Hapana, kwa ajili ya MAC, bakteria wa ukoo huo huo wanaosumbua mapafu ya wazee wa nchi tajiri. Mwaka 2023 kifua kikuu kiliua watu milioni 1.25. Sayansi ilikuwa moja. Soko ndilo lililochagua mgonjwa.

Chanjo za mRNA nazo zina somo lake. Bila vile vitone vya mafuta vya nano vinavyobeba ujumbe wa chanjo hadi ndani ya seli, kazi ya Katalin Karikó na Drew Weissman, iliyowapa Nobel mwaka 2023, isingetoka maabara. Chanjo ya Pfizer na BioNTech ilipotoka ilitaka kuhifadhiwa kwenye nyuzi 70 chini ya sifuri, wakati friji za chanjo za vituo vyetu zinatunza nyuzi 2 hadi 8 juu ya sifuri. Ndipo zikaja ahadi za viwanda. Machi 2022 Moderna na serikali ya Kenya walitangaza kiwanda cha dola milioni 500. Aprili 2024 kampuni ikasema inasitisha, kwa kuwa haikuwa imepata oda yoyote ya Afrika tangu 2022. Kigali wao wana majengo ya BioNTech yaliyozinduliwa Desemba 2023. Moderna wanalaumika kwa mengi, lakini kwenye hili la oda tujitazame na sisi. Umoja wa Afrika umejiwekea lengo la kutengeneza asilimia 60 ya chanjo zake ifikapo 2040, na nchi wanachama bado zinanunua kila moja kivyake, mara nyingi kwa fedha ambazo mwenye nazo anaweza kuzizuia kwa saini moja. Jinsi fedha za programu za misaada ya Marekani zilivyokatwa mwaka 2025 sina haja ya kusimulia.

Si kila penye neno nano pana nano. Kuna bangili, maji ya chupa na vidonge vinavyouzwa kwa jina hilo kwenye semina za biashara ya mtandao, vikiahidi kuponya kisukari, saratani na utasa kwa mpigo. Maji ya fedha yanayosifiwa kuua virusi hayajathibitishwa kutibu ugonjwa wowote ukiyanywa, na ukiyazoea yanaweza kukubadilisha ngozi ikawa ya bluu maisha yako yote. Mamlaka za dawa zinafanya misako, lakini kazi kubwa inayozisubiri ni kuwa na maabara inayoweza kupima kama liposomu ya kunakiliwa ni liposomu kweli au ni amfoterisini ya zamani iliyovikwa lebo mpya.

Mambo mazuri yanafanyika nyumbani, na mara nyingi bila makeke. Dk. Askwar Hilonga wa Nelson Mandela, Arusha, alitengeneza chujio la maji linalounganisha mchanga na vifaa vya nano, akashinda tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2015, mshindi wa kwanza kabisa wa tuzo hiyo. Maji machafu yanaua watoto wengi kuliko fangasi, na chujio halihitaji friji wala hataza ya mtu wa California.

Ninachotaka kinaweza kufanyika bila maabara mpya hata moja. Nchi za Afrika Mashariki zinunue amfoterisini ya liposomu kwa oda moja, ya miaka mitatu au zaidi, yenye hesabu ya kala-azar ya Kenya na Uganda pamoja na kriptokoka ya nchi zote. Bohari ya Dawa ya Tanzania, MSD, imeshapewa dhamana ya kuratibu ununuzi wa pamoja wa dawa kwa nchi za SADC, kwa hiyo hakuna wa kutuambia kwamba jambo hilo halijulikani namna ya kulifanya. Na kamati zetu za maadili zinapopitisha jaribio jipya, ziweke sharti la maandishi: dawa ikithibitika, nchi iliyotoa wagonjwa iipate kwa bei na tarehe iliyokubaliwa kabla sindano ya kwanza haijachomwa. Wagonjwa wa AMBITION wa Kampala na Mbarara walistahili hivyo. Watoto wa Kilifi na Bagamoyo pia.

Kila mwezi Juni mawaziri wa fedha wa Dodoma, Nairobi na Kampala husoma bajeti zao. Kabla ya siku hiyo, mpigie mbunge wako na umpe maswali mawili ya kumpelekea waziri wa afya: ni hospitali ngapi zina amfoterisini ya liposomu kwenye rafu leo, na oda ijayo ni ya vichupa vingapi? Mwambie unataka majibu yenye namba. Ya mikakati tunayo ya kutosha.